Taa za Mapambo ya Sikukuu: Kuzichagua na Kuzitunza

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya taa ndogo ndogo zilizofungwa katika waya mmoja mrefu, ambazo watu hutundika barazani na madirishani wakati wa Idi, Maulidi, Diwali, Krismasi na Mwaka Mpya, na hata katika nyumba za arusi. Sisi tutaziita mkufu wa taa, maana zimepangwa kama shanga. Pengine wako watakaosema, "Jambo hili ni la mchezo, mbona hamtuelezi habari za mazao au za maradhi?" Nasi twajibu kwamba kabla ya kuona tuliyoyaona, sisi pia tulidhani hivyo.

Usiku wa kuamkia Idi, miaka kadha wa kadha iliyopita, tulipamba nyumba yetu wenyewe kwa mkufu wa taa uliokuwa umekaa darini mwaka mzima. Tuliutandaza kwenye ukingo wa paa la mabati, tukaupigilia misumari midogo ili upepo usiuchezee, tukatia plagi katika soketi, na taa zikawaka zote bila kasoro. Majirani wakasifu. Baada ya sala ya Isha kijana wetu mmoja alinyosha mkono kushika mfereji wa bati upokeao maji ya mvua, na mara akarushwa nyuma, akaanguka mchangani, mkono wake umekufa ganzi hata kiwiko. Kwa bahati alivaa ndara za mpira, na mchanga ulikuwa mkavu. Tulipozima umeme na kutazama, tuliona kwamba ncha ya bati imekata ngozi ya waya kwa upana usiozidi ukucha wa kidole, na shaba ya ndani imegusana na bati. Paa zima lilikuwa na umeme, nasi tumekaa chini yake tukinywa kahawa. Saa nane ya usiku huo huo mvua ikanyesha.

Kosa halikuwa la taa, wala la duka lililotuuzia. Lilikuwa letu sisi, kwa kuwa tulitazama taa tusitazame waya. Na twaona kwamba watu wengi hununua na kutundika kwa njia hiyo: huuliza rangi, huuliza bei, huuliza kama taa zaweza kupepesa, wala hawaushiki waya mkononi. Basi katika mazungumzo haya tutasema kidogo juu ya taa na mengi juu ya waya.

Kwanza tueleze asili ya mapambo haya. Desturi ya kuwasha taa wakati wa furaha ni ya kale sana, na hapa pwani watu walipamba kwa kandili na fanusi za mafuta kabla umeme haujajulikana. Ndugu zetu Wahindi, kila mwaka ifikapo Diwali, katika usiku usio na mwezi baina ya Oktoba na Novemba, hupanga vitaa vya udongo vyenye mafuta na utambi kwenye vizingiti na kuta za nyumba. Wadachi nao walikuwa na desturi ya kusimamisha mti ndani ya nyumba siku za Krismasi na kuuwekea mishumaa inayowaka, na desturi hiyo ikaenea Ulaya na Marekani. Msikilizaji ataona mwenyewe hatari ya mishumaa juu ya matawi makavu. Mwaka 1882, katika mji wa New York, bwana mmoja aitwaye Edward H. Johnson, aliyekuwa mwenzi wa Thomas Edison katika kazi ya umeme, aliupamba mti wa nyumbani kwake kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, akaufanya uzunguke kwa nguvu ya umeme. Wakati huo mapambo ya namna hiyo yalihitaji fundi wa kuunga waya mmoja mmoja kwa mkono, hata wenye mali tu ndio walioyaweza.

Mwaka uliofuata, yaani 1883, Seyyid Barghash alijenga huko Unguja jumba lake la Beit el Ajaib. Baadaye jumba hilo likawa nyumba ya kwanza katika Unguja kutiwa taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020, lakini wazee waliolipa jina la Nyumba ya Maajabu walikuwa na sababu. Taa iwakayo bila mafuta wala utambi ilikuwa ajabu kweli kweli, na siku hizi mtoto hununuliwa taa mia moja kwa bei ya kitoweo.

Sasa tuitazame mikufu yenyewe. Iko namna mbili. Namna ya zamani ina balbu za kioo, na ndani ya kila balbu mna unywele mwembamba wa madini ambao hupata moto mkali hata ukang'aa. Namna mpya ni zile ziitwazo taa za LED. Hizi hazina unywele wala hazihitaji moto: ndani yake mna punje ndogo, na umeme ukipita katika punje hiyo, nuru hutoka. Mmarekani Nick Holonyak alionyesha punje itoayo nuru nyekundu mwaka 1962, lakini nuru ya buluu iliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Bila ya buluu haikuwezekana kupata nuru nyeupe. Wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofaulu, na mwaka 2014 walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tofauti ya namna hizi mbili huonekana upesi katika matumizi. Mkufu wa balbu ndogo mia moja za zamani hutumia yapata wati 40. Mkufu wa taa mia moja za LED hutumia yapata wati 5. Tuseme mtu ana mikufu kumi, naye huiwasha saa sita kila usiku kwa siku kumi na mbili. Ya zamani itakula yuniti 28 na zaidi, na ya LED yuniti tatu na nusu hivi. Wale wanunuao umeme kwa LUKU au kwa tokeni hawahitaji kuelezwa zaidi. Tena balbu ya zamani huunguza kidole, na pazia jepesi likiegemea balbu nyingi kwa pamoja hupata joto la hatari; taa ya LED huweza kushikwa mkononi.

Walakini nyumba nyingi zingali na mikufu ya zamani, na iko siri moja ndani yake ambayo yafaa ijulikane. Balbu hizo zimefungwa kwa mfuatano, mfano wa watu waliopanga mstari kutoka kisimani, wakipokezana ndoo. Umeme wote upitao katika balbu ya kwanza hupita katika ya pili, na ya tatu, hata ya mwisho. Na nguvu ya umeme wa nyumba hugawanywa sawasawa kati yao. Ukiwa na balbu 20 katika umeme wa volti 240, kila balbu hupata volti 12, nayo imetengenezwa kwa kiasi hicho. Unywele wa balbu moja ukikatika, ingepasa mkufu wote uzimike, na katika mikufu mingine ndivyo ilivyo. Lakini watengenezaji wengi wametia ndani ya balbu kipande kidogo cha waya ambacho huupisha umeme pindi unywele ukatikapo, ili wenzake waendelee kuwaka. Mwenye nyumba huona balbu moja imekufa na nyingine zinawaka, basi husema, "Si neno." Hapo ndipo jambo linapoharibika. Ile nguvu iliyokuwa fungu la marehemu sasa hugawiwa waliobaki. Zikifa balbu nne katika ishirini, zile kumi na sita hupata volti 15 kila moja, yaani robo zaidi ya kipimo chake. Zitawaka kwa fahari kuliko mwanzo, na watu watazipenda, lakini zinaungua. Kwa hiyo zitakufa upesi, moja baada ya moja, na kila ifapo moja, joto la waliobaki huzidi. Balbu ikifa ibadilishwe siku hiyo hiyo, umeme ukiwa umezimwa na plagi imetolewa, na balbu mpya iwe ya volti zile zile za mkufu. Kama balbu za namna hiyo hazipatikani tena madukani, mkufu huo umemaliza kazi yake.

Pengine msikilizaji anataka kununua mkufu mpya, naye anauliza aanzie wapi. Aanzie nyuma ya sanduku, mahali penye maandishi madogo, aache picha ya mbele.

Atafute kwanza hesabu ya volti. Umeme wa nyumba katika Tanzania ni volti 230, na katika Kenya ni 240, tofauti ambayo haina madhara. Lakini umeme wa Marekani ni volti 120. Wengi wetu tuna jamaa huko, nao kwa mapenzi hutuletea zawadi za sikukuu, pamoja na mikufu ya taa iliyonunuliwa madukani kwao. Mkufu wa volti 120 ukitiwa katika umeme wetu hupata nguvu maradufu, na katika dakika chache, pengine katika nukta chache, hupasuka au huungua. Kubadili plagi yake hakuubadili mkufu. Lakini ikiwa sanduku limeandikwa kwamba kifaa chake hupokea tangu volti 100 hata 240, basi zawadi hiyo yafaa pande zote mbili, ila itahitaji plagi ya kwetu.

Na hapa ndipo tufikapo kwenye shauri ambalo twaliona kubwa kuliko yote ya leo. Iko mikufu ambayo waya wake hubeba umeme ule ule wa nyumba kutoka mwanzo hata mwisho. Na iko mingine ambayo karibu na plagi ina kisanduku kidogo, ambacho watu hukiita adapta, kazi yake ni kuushusha umeme mpaka volti 24 au 31 kabla haujaingia katika taa. Zote mbili huwaka vile vile, na mtu aliye barabarani hawezi kuzitofautisha. Lakini waya wa volti 24 ukikatwa na bati, mtu akalishika bati hilo, haelekei kudhurika. Laiti mkufu wetu wa usiku ule ungalikuwa na adapta ya kweli, kijana wetu angaliushika mfereji wa bati asisikie kitu. Bei ya mkufu wa adapta huzidi kidogo, na kwa nyumba yenye paa la mabati, au yenye watoto wanaofikia madirisha, twasema ziada hiyo ilipwe. Adapta yenyewe isikae nje mvuani. Huwekwa ndani ya nyumba, mahali pakavu, na waya wa nguvu ndogo ndio utokao nje.

Kisha atazame herufi IP na tarakimu mbili zinazozifuata. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. Mkufu wa IP20 ni wa ndani tu, nao hauna kinga yo yote ya maji. Wa IP44 hustahimili marasharasha, wafaa barazani chini ya paa. Wa IP65 hustahimili maji yanayorushwa kwa nguvu, nao ndio wa kuuweka juu ya miti na kuta zisizo na kinga. Watu husema, "Krismasi ni wakati wa jua, mvua ya nini?" lakini pwani yetu vuli huchelewa mara nyingi hata Desemba. Na Idi haina majira yake: mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Idi huzunguka majira yote. Mwaka 2024 Idi el Fitri iliangukia Aprili, masika yamepamba moto. Mkufu wa Idi ununuliwe kwa kutazamia masika, hata kama mwaka huu ni kiangazi.

Alama ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, itafutwe pia. Alama huweza kughushiwa, twajua. Kwa hiyo macho na vidole navyo vifanye kazi yao. Waya uwe na ngozi nene inayopindika bila kufanya nyufa. Plagi iwe nzito mkononi, na meno yake yaingie katika soketi bila kutikisika. Mkufu ambao waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na bado umeandikwa volti 220, usinunuliwe hata ukiuzwa kwa thumni.

Kwa habari ya rangi kila mtu na macho yake, wala hatutaki kuingilia. Ila twataja mambo mawili. Nuru nyeupe yenye ubuluu huita wadudu kuliko nuru ya manjano, na siku za kumbikumbi baraza yenye taa nyeupe haikaliki. Atakaye nuru ya manjano, mfano wa kandili, atafute hesabu ya 2700 yenye herufi K. Hesabu ya 6500 ni nyeupe ya baridi. Jambo la pili lawahusu wakaao ufukweni, kama vile Watamu au kisiwani Mafia, ambako kasa hupanda kutaga. Watoto wa kasa wakiangua usiku hulifuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Wakiona taa za nyumba huzifuata, wakafia barabarani au wakaliwa na kaa na ndege. Nyumba za pwani hizo zipambe upande wa bara, na upande wa bahari uachwe giza.

Mkufu ukishanunuliwa, au ukishatolewa katika sanduku la mwaka jana, usitundikwe kwanza. Utandazwe sakafuni, plagi haijatiwa, na mtu mmoja aupitishe wote kati ya vidole vyake, shibiri kwa shibiri, tangu plagi mpaka taa ya mwisho. Kazi hii huchukua robo saa, nayo huudhi. Sisi hatukuifanya mwaka ule kwa sababu wageni walikuwa njiani. Vidole hugundua yasiyoonekana: meno ya panya, mahali palipolainika kwa joto, ufa mdogo karibu na mlango wa balbu. Kisha mkufu uwashwe hapo hapo sakafuni, juu ya saruji, kwa muda wa nusu saa, na plagi ishikwe. Ikiwa ina joto la kuudhi mkono, kuna ubaya ndani yake.

Wengi watauliza, je, waya uliokatwa hauwezi kufungwa kwa tepu ya mafundi? Kwa waya wa volti 24, ndani ya nyumba, fundi umeme aweza kuuunga vizuri ukafaa. Kwa waya wa umeme wa nyumba, utakaotundikwa nje, twasema hapana. Tepu hulegea kwa jua, na maji hupenya chini yake yakakaa.

Plagi zetu zenye meno matatu ya mraba, ambazo kipimo chake kilitangazwa Uingereza mwaka 1947, zina fyuzi ndogo ndani yake. Hiyo ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uungue kabla ya waya mwingine. Plagi nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo huruhusu karibu wati 3,000 kupita. Ni kiasi cha birika kubwa la umeme, si cha taa za mapambo. Waya mwembamba wa mkufu utakuwa umekwisha kuwaka moto kabla fyuzi hiyo haijatambua lo lote. Kwa plagi ya mapambo itiwe fyuzi ya ampea 3, au ile iliyoandikwa katika sanduku. Bei yake ni ya kikombe cha chai. Kuna wale ambao fyuzi ikiungua huweka msumari au karatasi ya sigara ili taa ziwake. Hao hatuna la kuwaambia ila waamshe watoto wasilale.

Twamsihi tena mwenye nyumba amwulize fundi wake kama katika sanduku la umeme mna ile swichi inayokata umeme unaovuja. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ikiona kwamba sehemu thelathini tu katika elfu za ampea moja zimepotea njiani, pengine zimepita katika mwili wa mtu, hukata umeme wote kabla moyo haujadhurika. Ina kitufe cha kuijaribu, nacho kibonyezwe kabla ya kila sikukuu. Nyumba yetu haikuwa nayo. Sasa inayo.

Katika kutundika, misumari na pini zisiguse waya kamwe. Kamba ya katani au vishikizo vya plastiki hutosha. Ukingo wa bati ufunikwe kwa ubao, au kwa mpira wa maji uliopasuliwa, kabla ya waya kupita juu yake. Juu ya paa la makuti tusingependa kuona mkufu wo wote wa umeme wa nyumba, ijapokuwa wa LED, kwa kuwa cheche moja katika makuti makavu haingoji ndoo. Nguzo za baraza zinatosha kupambwa. Mvinje au saiprasi uliokatwa kwa ajili ya Krismasi utiwe katika ndoo ya maji, na uondolewe nyumbani majani yakianza kupukutika, hata kama watoto watalia. Waya uingiao ndani kutoka nje uachwe ulegee, ushuke chini ya kizingiti cha dirisha kisha upande tena, ili maji ya mvua yaufuatayo waya yadondokee nje, wala yasifike katika soketi.

Mikufu huweza kuungwa mmoja nyuma ya mwingine, lakini hesabu yake imeandikwa, nayo ifuatwe, kwa sababu mkufu wa kwanza ndio ubebao mzigo wa wote. Ekstensheni iliyozungushwa katika gurudumu lake ifunguliwe yote kabla ya kutumiwa. Waya uliojiviringa hupata joto la ndani lisilo na pa kutokea, ukayeyuka. Na wakati wa kulala, taa zizimwe. Wapita njia wa saa tisa za usiku ni wachache, wala hawatamlaumu mtu.

Iko mikufu inayopata nguvu kwa jua, yenye kibao cheusi na betri ndogo ndani. Kwa kijiji kisicho na umeme ni neema, wala haina hatari tulizozitaja. Watu wengi huitupa baada ya mwaka mmoja au miwili wakidhani imekufa, kumbe kilichochoka ni betri, nayo mara nyingi hufunguliwa kwa bisibisi ndogo ikabadilishwa kwa nyingine ya volti 1.2 inayoweza kujazwa tena. Kibao nacho kifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji kila wiki.

Sikukuu ikiisha, watu huvuta mkufu kwa nguvu, wakaukunja kama kamba ya mbuzi na kuutia gunia. Hasara nyingi za mwaka wa pili huanzia siku hiyo. Pwani, waya uliokaa nje majuma mawili umeshika chumvi ya bahari, na chumvi huvuta unyevu, nao hula shaba na shaba nyeupe ya milango ya balbu ikiwa ndani ya sanduku. Mara nyingi kipande kizima cha mkufu wa LED kikizimika, si punje zilizokufa, ni kutu katika kiungo kimoja. Basi mkufu ufutwe wote kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa maji matamu na kukamuliwa, plagi ikiwa imetolewa, kisha uanikwe kivulini mpaka ukauke kabisa. Uzungushwe polepole juu ya kipande cha karatasi ngumu, taa zisikandamizane. Utiwe katika bati la biskuti au ndoo yenye mfuniko, kwa ajili ya panya, uwekwe kabatini. Darini joto la mabati hukausha ngozi ya waya mpaka inapasuka. Na kabla ya kufunika, iandikwe juu ya ile karatasi ngumu mwaka wa kununuliwa, volti zake, fyuzi yake, na balbu ngapi zilibadilishwa, ili atakayeufungua mwakani, hata akiwa mtu mwingine, ajue ni mkufu wa namna gani alioushika.